Zaidi ya Kihispania cha kuombea maji: mwongozo kwa anayeanza ukubwani

Kwetu Dodoma mtu akiulizwa kama anajua lugha fulani, hajibu ndiyo au hapana. Atasema, "Nakisikia, ila sikisemi." Mwingine, "Ninacho cha kuombea maji." Mwingine, "Kinapanda kidogo." Watu waliokulia katikati ya Kigogo, Kirangi, Kisandawe na Kiswahili wamezoea kuipima lugha kwa kazi inayowafanyia. Naanzia hapo kwa sababu tangu nianze kuwaongoza wageni kwa Kihispania kwenda kuona michoro ya miambani ya Kolo, kule Kondoa, swali ninaloulizwa na vijana na wazee ni moja: "Ilikuchukua muda gani mpaka ukakijua?" Nami siwezi kulijibu kabla hatujaelewana kukijua ni nini.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mgogo wa Mvumi. Kiswahili alijifunza akiwa tayari na watoto wanne, kwenye madarasa yaliyoenea baada ya 1970 kutangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Lafudhi ya Kigogo hakuiacha mpaka anaingia kaburini, na ngeli alizichanganya: "kiti yangu", "mti kubwa". Lakini kwa Kiswahili hicho hicho aliuza karanga soko la Majengo, alibishana na mpangaji aliyekataa kulipa kodi mpaka kodi ikalipwa, alimfariji jirani aliyefiwa, na alisikiliza taarifa ya habari redioni na kuipinga kwa hoja. Sijawahi kumsikia mtu akisema kwamba yule bibi hajui Kiswahili. Aliyezungumza naye hakulazimika kupunguza mwendo, kutafuta mkalimani wala kumhurumia. Huo ndio ufasaha ninaotaka uulenge. Ukingoja hadi useme kama mzaliwa wa Madrid au Bogotá, utangoja maisha yako yote.

Hatua ya kwanza: andika kazi kumi

Kabla ya kununua kitabu au kuweka programu kwenye simu, chukua karatasi uandike mambo kumi unayotaka kuyafanya kwa Kihispania. Andika mambo ya kweli, yenye watu na mahali. "Nataka kuongea vizuri" haikusaidii. Andika: kumweleza mgeni kwa nini michoro ya Kolo iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Kumsikiliza mtangazaji wa mpira wa Hispania bila kusoma maandishi. Kumwandikia barua pepe mtawa aliyerudi kwao Peru. Kuomba nafasi ya masomo. Kukaa kwenye mkutano wa Umoja wa Afrika, ambako Kihispania ni lugha rasmi kama kilivyo Kiswahili, na kuzungumza na mjumbe wa Guinea ya Ikweta kwa lugha anayotumia ofisini kwake.

Orodha hiyo ndiyo itakayokuambia ujifunze nini na uache nini. Mimi sikuhitaji maneno ya benki. Nilihitaji mwamba, rangi, mwindaji, twiga, mvua, choo kiko wapi, na angalia usiteleze.

Hatua ya pili: jua ngazi, lakini zitafsiri kwa maisha yako

Baraza la Ulaya lilichapisha mwaka 2001 mfumo wa ngazi sita za kupima lugha: A1, A2, B1, B2, C1 na C2. Vitabu na mitihani ya Kihispania hufuata mfumo huo. Nitauweka kwa namna tunavyosema sisi.

A1 na A2 ndicho Kihispania cha kuombea maji. Unajitambulisha, unauliza bei, unaelewa ukisemeshwa polepole na mtu mwenye subira. B1 ni ngazi ya msafiri: mambo mengi ya safarini unayamudu, unasimulia yaliyokupata jana, ila mazungumzo yakiondoka kwenye njia uliyoizoea unabaki kimya. C1 na C2 ni za kufanyia kazi nzito, kusoma sheria, kuhutubia, kunasa fumbo.

Nimeiruka B2 makusudi kwa sababu ndiyo kiini cha mwongozo huu. Maelezo ya ngazi hiyo yanasema, kwa maneno yangu, kwamba mtu anaweza kuzungumza na wenye lugha yao bila upande wowote kutaabika. Zingatia neno upande wowote. Wewe hutoki jasho, na yule unayezungumza naye hachoki. Hapo ndipo alipokuwa bibi. Mtu mzima mwenye kazi na familia akifika B2 ana haki ya kusema anakijua Kihispania, na asimruhusu mtu amwambie vinginevyo kwa sababu ya lafudhi.

Hatua ya tatu: kinywa kwanza, maana hapa tumebarikiwa

Kihispania kina irabu tano, a e i o u, na zinasomwa kama zetu. Wanafunzi wengi duniani huhangaika nazo miezi. Wewe umezaliwa nazo. Ñ ni ny ya nyumba. Ch ni ch ya chai. Katika sehemu kubwa ya Hispania, z, na c ikifuatwa na e au i, ni th ya thelathini. Amerika ya Kilatini zote ni s. D ikikaa kati ya irabu hulainika ikakaribia dh ya dhahabu, kwa hiyo *nada* husikika karibu na "nadha". G nayo hulainika ikaelekea gh ya ghali: *amigo*, *agua*. Vitabu vingi havilisemi jambo hili kwa sababu havikuandikwa kwa ajili ya Mswahili. J ni kh, ile ambayo watu wa pwani huitamka wakisema Alkhamisi. Ukiitamka h nyepesi kama sisi wa bara, utaeleweka vizuri kabisa, na huko Cuba ndivyo wanavyoitamka. H yenyewe haitamkwi. B na v ni sauti moja.

Penye kazi ni r. R moja ni ile ya "kura". Rr hutetemeshwa ncha ya ulimi. Na kama nyumbani kwenu r na l zilibadilishana nafasi, tenga wiki mbili kwa maneno matatu: *pelo* ni nywele, *pero* ni lakini, *perro* ni mbwa. Yaseme ukipika, ukioga, ukisubiri daladala, mpaka mtu mwingine akisikiliza aweze kukuonyesha kwa kidole umesema lipi.

Mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho kama kwetu, ikiwa neno linaishia kwa irabu, n au s. Likiishia kwa konsonanti nyingine, mkazo huenda silabi ya mwisho. Panapokwenda kinyume na hapo, alama huandikwa juu ya irabu, na alama hiyo si pambo. *Papa* ni kiazi kwa watu wa Amerika ya Kilatini. *Papá* ni baba. *Hablo* ni nasema. *Habló* ni alisema. Sisi tunaotofautisha barabara ya magari na jambo lililofanywa barabara hatuna sababu ya kushindwa.

Masikio yatachelewa kuliko kinywa, na usikate tamaa kwa hilo. Kihispania husemwa kwa mwendo mkali. Watafiti waliolinganisha lugha saba mwaka 2011 walikikuta kikitoa karibu silabi 8 kwa sekunde, Kiingereza karibu 6. Tena maneno huungana: *va a hablar* husikika kama neno moja. Dawa niliyoiona ni imla. Chukua sekunde 30 za sauti yenye maandishi yake, isikilize mara tano, andika ulichosikia, kisha linganisha. Dakika ishirini za kazi hiyo zinazidi saa mbili za kuiacha redio iongee huku wewe ukifua.

Hatua ya nne: tumia sarufi uliyo nayo kichwani

Nimeona watu wazima wakiambiwa kwamba sarufi ya Kihispania ni ngumu kwa sababu nomino zina jinsi mbili na kila kitu lazima kikubaliane. Mwambie hivyo mtu anayesema vitabu vyangu vipya viwili vimepotea bila kufikiri! *Los libros nuevos* ni upatanisho ule ule, nao wana makundi mawili tu. Kosa letu ni kukariri nomino peke yake. Kariri *la mesa*, *el problema*, *la mano* pamoja na kitambulisho chake, *el* au *la*.

Mnyambuliko wa vitenzi nao unafahamika. Sisi tunamtaja mtendaji mwanzoni mwa kitenzi: nasema, unasema, tunasema. Wao humtaja mwishoni: *hablo*, *hablas*, *hablamos*. Na kama sisi, hawana haja ya kutaja mimi au wewe kila mara. Mtendwa hutangulia kitenzi: ninakijua, *lo conozco*. Ndiyo maana Mswahili aliyejifunza Kiingereza shuleni anapaswa kukiweka Kiingereza pembeni anapojifunza Kihispania. Ukipitia Kiingereza utazunguka mbali kufika mahali palipo jirani.

Kitenzi *gustar* ni mfano mzuri. Usitafute "napenda". *Me gustan las uvas* ni zabibu zinanipendeza. Kitenzi kinakubaliana na zabibu, nami ndiye ninayependezwa. Ukiielewa hivyo mara moja hutakosea tena.

*Ser* na *estar* huwatesa wengi kwa sababu vyote viwili ni "kuwa". Anza na mgawanyo wetu: "ni" huelekea *ser*, "-ko, -po, -mo" huelekea *estar*. *Soy de Dodoma*, *estoy en Dodoma*. Kisha ongeza hili nililoligundua nikiwa peke yangu na daftari, na lilinifurahisha siku nzima: hali nyingi ambazo sisi tunazisema kwa "-me-", wao huzisema kwa *estar*. Amechoka, *está cansado*. Ameketi, *está sentado*. Mlango umefungwa, *la puerta está cerrada*. Amekufa, *está muerto*. Wanafunzi wengine huambiwa *estar* ni kwa hali za kupita, halafu wanashangaa kifo kinapitaje. Wewe huna haja ya kushangaa. Mtego mmoja tu: tukio likitajwa mahali linapofanyika hutumia *ser*. *La boda es en Kondoa*, harusi iko Kondoa.

Dhamira tegemezi, inayoogopwa kuliko yote, ni ile e ya mwisho katika "nataka useme". *Quiero que hables*. Tazama, hata wao wameweka e! Vitenzi vya *-ar* hubadilika kuwa e kama vyetu. Vya *-er* na *-ir* hugeuka kuwa a: *quiero que comas*, nataka ule. Ila wao huitumia hata mahali ambapo sisi hatuitumii, na hapo ndipo ukae ufanye mazoezi. "Sidhani kama yuko nyumbani" ni *no creo que esté en casa*. "Atakapofika nitamwambia" ni *cuando llegue, se lo diré*. Andika sentensi ishirini za namna hiyo kuhusu watu wa nyumbani kwako.

Maneno mengine utayatambua kwa sura. Mesa na meza, *bandera* na bendera, *vino* na mvinyo: Kireno kilituletea ndugu zao. *Azúcar* na sukari zilitoka Uarabuni, na *alcalde*, yaani meya, ni kadhi aliyevuka bahari upande mwingine. *Hasta* ni hata yetu, na imebaki na maana zote mbili: *hasta mañana*, mpaka kesho, *hasta los niños lo saben*, hata watoto wanajua. Kuwa makini na *pera*, ambayo si pera letu bali ni tunda la peasi. Pera letu wanaliita *guayaba*.

Hatua ya tano: saa

Hatua hii ni fupi, na ilinigharimu. Mwaka wangu wa pili niliwaambia wageni wanne kwamba nitawachukua *a las tres*, kichwani nikiwa na saa tatu asubuhi. Wao walielewa saa tisa alasiri. Nilipofika hotelini walikuwa wamekwenda kutembea mjini. Tulipokutana, muda wa kwenda Kolo na kurudi mchana ulikuwa umekwisha. Nilikuwa ninajua nyakati zote za vitenzi, lakini sikuwa nimejifunza kuitazama saa kwa jicho lao.

Kwa hiyo badili saa ya kichwani kwa mazoezi: kila unapotazama simu, taja saa kwa Kihispania papo hapo, bila kutoa wala kujumlisha sita. Saa moja asubuhi, *son las siete*. Saa saba mchana, *es la una*. Siku utakapotaja miadi bila kuhesabu, utakuwa umepiga hatua kubwa kuliko kufaulu jaribio la darasani.

Hatua ya sita: jifunze kulizunguka neno

Mtu fasaha naye husahau maneno. Tofauti yake na anayeanza ni kwamba hasimami, huzunguka. Zoezi langu la kila Jumamosi ni kuchukua vitu vya Dodoma visivyo na neno la Kihispania na kuvieleza. Mlenda: *es una verdura silvestre que se cocina hasta que queda resbalosa, y se come con una masa de maíz*, yaani ni mboga ya porini inayopikwa mpaka iteleze, ikaliwa na ugali wa mahindi. Ubuyu: *la fruta del baobab*. Kisha endelea na zeze, tembe la Kigogo, kitenge, mahari. Mahari itakuchukua dakika kumi, na ukiimaliza huku mgeni anaendelea kukuuliza maswali, jua umefika mbali.

Beba pia maneno ya kununulia muda: *a ver*, *pues*, *o sea*, *es que*. Ni kama "yaani" na "sasa basi" zetu. Na sentensi mbili za kuokoa mazungumzo: *¿Me lo puede repetir más despacio?* (unaweza kunirudia polepole zaidi?) na *¿Cómo se dice cuando…?* (mnasemaje pale ambapo…?) Anayeomba arudiwe kwa Kihispania bado yuko ndani ya Kihispania.

Kuhusu heshima: hawana shikamoo, na mwanzoni nilijisikia vibaya kumwamkia mama wa miaka sabini kwa *hola*. Anza na *usted*, yaani "wewe" ya heshima, kwa mtu mmoja na *ustedes* kwa wengi. Itakubalika kila mahali, nayo inalingana na malezi yetu. Hispania watakuambia haraka uwatumie *tú*, "wewe" ya kawaida, Argentina utasikia *vos*. Fuata mwenyeji wako. Chagua lafudhi ya nchi moja ya kuiga, zilizobaki zisikilize tu.

Hatua ya saba: hesabu saa zako kwa ukweli

Taasisi inayofundisha wanadiplomasia wa Marekani hupanga wiki 24 hadi 30 za darasani kwa Kihispania, yaani saa 600 hadi 750, kwa watu ambao kazi yao ni kusoma tu. Kiswahili huwapa wiki 36 hivi. Wewe una kazi, watoto na misiba ya kuhudhuria. Saa moja kwa siku ni saa 365 kwa mwaka, kwa hiyo jiandae kwa miaka miwili au zaidi, na anayekuahidi miezi mitatu usimpe fedha yako.

Ukikaa Nkuhungu na kufanya kazi Mji wa Serikali, Mtumba, daladala tayari inakupa muda wa kusikiliza. Radio Nacional de España inapatikana bure kwenye intaneti. Pakua vipindi penye mtandao mzuri, usikilize njiani. Kamusi ya Real Academia Española, chuo kilichoanzishwa 1713, nayo ni bure. Imla na sarufi zifanye alfajiri kabla nyumba haijaamka. Kuongea, tafuta mtu mmoja wa kudumu, hata kwa simu: wako wazungumzaji wengi wa Kihispania wanaotaka Kiswahili, mkabadilishana nusu saa kwa nusu saa. Anza mwezi wa pili. Ukisubiri uwe tayari hutaanza.

Kuna kipindi kitakuja, karibu na B1, ambapo unaeleweka na kila mtu anakusifu. Wengi huishia hapo, nami nilikaa hapo karibu mwaka mzima. Unajua sentensi mia mbili na unazizungusha. Kilichonitoa ni kusoma kwa sauti habari ndefu kila siku, kisha kufunga ukurasa na kuisimulia upya huku nikijilazimisha kutumia maneno matatu mapya. Inachosha. Baada ya miezi minne mgeni kutoka Chile alianza kubishana nami kuhusu siasa za kwao bila kupunguza mwendo, na nilipofika nyumbani nililia kwa furaha.

Kupima

Ukihitaji cheti, kuna mitihani miwili. DELE hutolewa na Instituto Cervantes, taasisi ya Hispania ya kueneza lugha yao, kwa niaba ya serikali ya Hispania na cheti chake hakina ukomo wa muda. SIELE hufanywa kwa kompyuta na matokeo yake hudumu miaka mitano. Pata kwanza taarifa za vituo na tarehe, ndipo upange nauli.

Hata bila cheti, tarehe 1 ya kila mwezi washa kinasa sauti cha simu na uzungumze dakika tatu bila kusoma, mada ile ile: siku yako ya jana. Sikiliza ukiwa na kalamu. Weka alama kila uliposimama zaidi ya sekunde tatu, na alama nyingine kila ulipokwama ukapata njia ya kuzunguka. Alama za kwanza zinatakiwa zipungue. Za pili zinaweza hata kuongezeka, nalo ni jambo jema. Ya kwanza kabisa usiifute. Ipe jina la tarehe, uitunze mahali ambapo simu ikiibiwa haitapotea.